Ukuta Ulio Ndani ya Mita Sitini

Nakwa, Babati
Jumapili, baada ya ibada

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Na Mama mpe shikamoo yake mwenyewe, asigawane na yako. Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko? Na yule ng'ombe mwekundu amezaa salama? Mama aliniambia ana mimba nzito na hali vizuri, nikalala namuwaza kama vile ni mtu. Huku kwetu tu wazima. Daniel anakua, kila muhula viatu vya shule vinamkataa, na Neema ameanza kujisomea mwenyewe maandishi ya kwenye mifuko ya unga. Baba Daniel anakusalimu sana. Miili mizima, Baba, lakini moyo wangu umejaa hasira, na hasira hiyo ndiyo iliyonikalisha niandike.

Tulipozungumza kwenye simu mara ya mwisho ulikuwa na furaha. Ulikuwa umetoka kusikiliza redio, ukaniambia serikali imetaja vipaumbele vyake, usalama, mazingira na uchumi, ukasema, "Mwanangu, sasa nchi imeshika njia. Ninyi mlio kwenye mji unaokua ndio mtakaoanza kufaidi." Nikakaa kimya, wewe ukadhani mtandao umekatika. Haukukatika. Nilipotaka kukueleza ukanikatiza kwamba mambo ya serikali hayazungumzwi kwenye simu. Haya, basi nayaandika. Barua anakuletea Mama Mchungaji, anayekuja Lushoto kwenye mkutano wa wanawake wa kanisa. Naomba uisome yote kabla hujaanza kunijibu kichwani.

Hivyo vipaumbele huku vilishafika, Baba. Vilikuja na msafara wa magari, vumbi likaingia mpaka kwenye sufuria zetu. Mgeni alitoka juu, sitamtaja. Tulikusanywa uwanja wa shule, wanafunzi wakaimba, akapanda jukwaani akaeleza vizuri kweli. Sauti nzuri, maneno yanateleza. Akasema bila usalama hakuna kazi, bila mazingira hakuna kesho, bila uchumi hakuna heshima. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga mpaka viganja vikauma.

Baada ya hotuba akasema anataka kuwaona wananchi wakiwa kazini, wakamleta kwetu bustanini, kando ya ziwa. Pale tulikuwa wanawake wa kikundi, tunalima sukuma wiki, chainizi, mchicha na nyanya chungu. Kipande changu nilipewa na Mama Tluway. Nimewahi kukueleza habari zake: ni jirani yangu, mjane wa Kiiraqw aliyeshuka zamani kutoka milima ya Mbulu, Mlutheri mwenzetu. Nilipofika hapa mgeni, sijui hata kumsalimia mtu kwa lugha ya hapa, yeye ndiye aliyenichukua kama mtoto wake. Aligawa bustani yake mwenyewe akanipa upande wenye udongo mzuri.

Basi mgeni akasimama katikati ya matuta ya Mama Tluway, akachuma jani la chainizi, akapiga nalo picha. Akasema kwa sauti ya kusikika, "Hawa mama zetu ndio uchumi wenyewe. Waongezeeni nguvu, walime zaidi." Maafisa wakaitikia kwa vichwa. Na sisi tukaamini. Tukachanga, tukanunua mpira mrefu wa kumwagilia, tukapanua matuta. Mama Tluway akafyeka nyasi za kona yake ya mwisho akapanda sukuma wiki tupu. Alikuwa anataka kubadilisha bati la nyumba yake kabla ya mvua.

Sukuma wiki hazijafika hata magotini, wakaja watu wa mazingira.

Hapa nataka unisikilize vizuri, usije ukasema binti yako amekuwa mbishi. Mimi kwa mazingira si mgeni. Nimekulia kwenye shamba lako la mteremko, umenifundisha kuchimba makinga maji nikiwa sijui hata kusuka nywele. Najua udongo ukishuka haurudi. Na ziwa letu hili linaumwa kweli, linajaa tope, mvua zikizidi linapanda mpaka karibu na nyumba za watu. Afisa aliyekuja mwanzo alikuwa kijana mpole. Alitueleza kwamba sheria inataka mita sitini kutoka ukingo wa maji zisilimwe wala zisijengwe. Akapigilia vigingi vyenye rangi nyekundu. Bustani zetu zote zikawa ndani.

Mama Tluway akamuuliza, "Na hii yenye iko kwa udongo tayari?"

Kijana akafikiri, akasema, "Vuneni kwanza. Mwisho wa mwezi muwe mmeondoka."

Tukakubaliana. Hakuna aliyegoma, Baba. Tulikwenda nyumbani tumeinamisha vichwa, lakini tulikubali, maana alitueleza kama watu. Tukaanza kutafuta sehemu nyingine, hata kule upande wa Bonga, mbali na maji.

Mwezi haukuisha. Asubuhi moja tukiwa tunamwagilia, gari likasimama barabarani, wakashuka mgambo wenye fyekeo na mkubwa wao. Yule kijana mpole hakuwepo. Hakuna salamu, hakuna tangazo. Wakaanzia mwanzo wa bustani kama watu wanaofyeka uwanja wa mpira. Chainizi, mchicha, nyanya chungu zenye maua, vyote chini. Mama mmoja mwenzetu alikuwa anakimbia mbele ya fyekeo anachuma anachoweza anatia kwenye kanga, na mgambo mmoja anamcheka.

Walipofika kwa Mama Tluway wakamkuta amekaa chini, katikati ya sukuma wiki zake, miguu ameinyoosha, shuka lake amelikaza mabegani.

"Mama, toka hapo tufanye kazi," mkubwa wao akasema.

"Mimi natoka hapana. Mmesema mwisho wa mwezi. Mwezi iko bado."

"Amri imebadilika."

"Nani ameambia mwezi?"

Wanawake tukacheka, na nadhani kicheko hicho ndicho kilichomponza. Yule mkubwa akakasirika uso mzima. Akawaamuru vijana wake wamnyanyue. Wakamshika makwapani, mama mtu mzima ambaye anaweza kuwazaa wote wale, wakamburuta juu ya mboga zake mwenyewe. Shuka likabaki kwenye matope, nikaliokota. Nikamuuliza yule mkubwa amefanya kosa gani.

"Anahatarisha usalama," akasema.

"Usalama wa nani?" nikamuuliza. "Wa chainizi?"

Akaniambia nikiongeza neno nitapanda gari pia. Baba, nilinyamaza. Niliwafikiria Daniel na Neema watakaotoka shule wakute mlango umefungwa.

Tulitembea mpaka kituoni mjini, wanawake wa kikundi, na matope yetu miguuni. Tukaambiwa amezuia watumishi wasifanye kazi na amevuruga amani, na kwamba hatuwezi kumwona. Nikaacha uji mapokezi, sijui kama ulimfikia. Mama Tluway alilala mahabusu, Baba. Mwanamke ambaye hata mbuzi wa jirani akiingia shambani kwake humtoa kwa kumbembeleza. Kesho yake Mzee Athumani, Mwislamu mwenye duka la mbegu tunakonunua, alifunga duka lake asubuhi yote akaja kumdhamini. Mama Tluway alipotoka hakuuliza habari za bustani. Aliniambia, "Kuku wangu amekula?" Nikamwambia wamekula. Akaanza kulia pale pale barabarani, na mimi nikamfunga shuka lake nililokuwa nimelifua.

Unaweza ukasema, sheria ni sheria. Na mimi ningesema hivyo. Ningeuma meno nikahama. Sasa nikueleze habari ya ukuta.

Ukisimama pale palipokuwa bustani yetu ukatazama kulia, unaona ukuta wa matofali ya saruji unaotoka barabarani unashuka mpaka unagusa maji. Siyo mita sitini, Baba, siyo hata hatua moja. Viboko wakitoka usiku wanaugonga. Ndani anajenga tajiri mmoja, nyumba ya wageni na sehemu ya kunywea vinywaji watu wakitazama ziwa. Fyekeo zilipita kwetu zikafika kwenye ukuta ule zikageuka. Vigingi vyekundu vilianzia upande wetu vikaishia pale, ng'ambo ya pili vikaendelea kwenye shamba la mahindi la mtu mwingine maskini kama sisi. Kana kwamba ziwa lina ukingo mbele ya maskini tu.

Nilikwenda ofisini kwa mtendaji. Nikamwamkia vizuri, nikakaa, nikamuuliza kuhusu ukuta.

"Ule ni uwekezaji, Mama Daniel," akasema. "Uko kwenye kipaumbele cha uchumi."

"Na bustani zetu?"

"Zile ziko kwenye mazingira."

"Na Mama Tluway kulazwa ndani?"

"Hilo ni suala la usalama."

"Mimi je, niko kwenye kipaumbele gani?"

Akafungua droo, akaifunga. Akaniambia nije siku nyingine, ana kikao. Nilitoka nje nikasimama kwenye jua bila kujua naelekea wapi. Maneno yale yale yaliyokufurahisha wewe redioni, Baba, yale niliyoyapigia makofi mpaka viganja vikauma. Kila moja walilichukua wakalitumia kama fimbo, na kila fimbo ilitua mgongoni kwa mtu yule yule.

Kuna jambo sijakwambia. Kwenye ukuta ule Baba Daniel ndiye aliyekuwa mmoja wa mafundi. Kazi za ujenzi zilikuwa zimelala muda mrefu, ile ilipokuja tulishukuru Mungu mezani. Kwa hiyo fikiria siku ile anarudi nyumbani, anaosha mikono bila kunisemesha, halafu anasema, "Msimamizi ameniita pembeni. Anauliza kama mke wangu ana tatizo."

"Ukamjibuje?"

"Nilimwambia sijui. Ruth, ulikwenda ofisini kuuliza habari za ukuta wa kazini kwangu, na mimi nasikia kwa msimamizi?"

"Ungenikataza."

"Ndiyo, ningekukataza! Hawa watoto watakula swali lako?"

Tuligombana, Baba, sikufichi. Hatujawahi kugombana vile tangu tuoane. Nilimwambia Mama Tluway alivyoburutwa. Akasema anajua, aliona kutoka juu ya jukwaa la ujenzi, na kwamba siku ile alipanga matofali yote kombo, msimamizi akamtukana. Sikujua kwamba aliona. Akaenda kulala bila kula. Mimi nikabaki nimekaa na sahani yake mbele yangu, na hasira yangu ikaongezeka, maana wameweza kuingia mpaka ndani ya nyumba yangu.

Baada ya hapo ukaitishwa mkutano wa mtaa. Asubuhi Baba Daniel alikuwa anafunga kamba za viatu vyake vya kazi, akaniuliza bila kunitazama, "Utakwenda?"

"Nitakwenda."

"Utauliza?"

"Nitauliza."

Akachukua ndoo yake ya vifaa akatoka. Nikajua ameelekea ukutani.

Mkutano ulijaa. Alikuja afisa kutoka mjini, akarudia habari ya vipaumbele, akasifu jinsi Nakwa ilivyotekeleza zoezi la kulinda ziwa kwa amani. Kwa amani! Mama Tluway alikuwa amekaa pembeni yangu, alama za vidole bado ziko kwenye mkono wake. Ulipofika muda wa maswali nikasimama. Nikauliza: ziwa ni moja au ni mawili? Kama ni moja, mita sitini zinapimwa kwa mboga tu, au na kwa saruji?

Afisa akasema swali ni zuri, limechukuliwa, litafanyiwa kazi, na akamwomba mwenyekiti afunge mkutano. Mwenyekiti akasema mkutano umefungwa.

Mzee Athumani akasema kutoka pale alipokaa, "Sisi bado hatujafunga. Tunasubiri jibu."

Hakuna aliyenyanyuka. Sikupanga jambo hilo na mtu yeyote, nakuapia. Watu walibaki tu wamekaa, wanaume, wanawake, wengine hata sijui majina yao. Afisa akakusanya mafaili yake, akayaweka tena. Akasema anaona kuna dalili za kuhatarisha usalama. Mzee Athumani akamjibu kwa adabu kabisa, "Mheshimiwa, tumekaa tu."

Ndipo nikasikia chuma kinagongana nyuma yetu. Baba Daniel alikuwa anapita katikati ya watu na ndoo yake, mwiko na pimamaji vinalia ndani yake, nguo zimejaa saruji. Alikuja mpaka nilipokuwa, akaweka ndoo chini, akakaa kwenye nyasi kando yangu.

"Vipi kazini?" nikamnong'oneza.

"Waliniambia nije nikurudishe nyumbani kabla hujauliza."

"Umechelewa. Nimeshauliza."

"Sikuja kwa ajili hiyo," akasema.

Jua lilishuka tukiwa tumekaa. Mwishoni afisa akapiga simu, akazungumza mbali kidogo na sisi, akarudi akasema kesho yake watakuja kupima mbele ya wananchi. Na walikuja, siwezi kuwasingizia. Yule kijana mpole ndiye aliyeshika utepe, na aliponiona alitazama chini. Walipima. Ukuta wote uko ndani, nyumba karibu yote iko ndani. Wakapaka alama ya X nyekundu, kubwa, watoto wakashangilia. Kazi ikasimamishwa. Mama Tluway hakushangilia. Alisema tu, "Sukuma wiki yangu ingekuwa imeiva leo."

Ningependa niishie hapo, Baba, ili ulale vizuri. Lakini wiki iliyopita X ilifutwa. Wamepaka chokaa nyeupe juu yake, na mashine ya kuchanganya zege inazunguka tena. Tumeambiwa mwenye mradi amepata kibali maalumu, kwa kuwa mradi una manufaa kwa uchumi wa taifa. Nimeuliza kibali hicho kiko wapi tukione, nimeambiwa siyo cha kuonyeshwa kila mtu. Sisi tumeahidiwa eneo mbadala, ambalo mpaka leo halina jina wala mahali. Mimi ndiye huyo kila mtu, Baba. Jana nilikuwa uchumi wenyewe, leo ni kila mtu.

Nisikilize, mimi siikatai serikali. Usalama nautaka, ndiyo maana nataka Mama Tluway alale kwake. Mazingira nayataka, sitarudi kulima pale hata wakiniruhusu, nimeshaelewa. Uchumi nautaka kuliko hata wao, maana mimi ndiye ninayeinama. Ninachokataa ni haya maneno mazuri kugeuzwa milango ambayo mwenye nguvu huipita yote, na sisi tunafungiwa kila mmoja. Wewe ulikuwa balozi wa nyumba kumi miaka mingi. Nakumbuka ulivyomtoza mdogo wako faini mbele ya watu, mbuzi wake walipoingia kwenye miche ya kijiji, na Mama akakununia wiki nzima. Hivyo ndivyo nilivyojua mimi serikali inavyofanya kazi. Huku naitafuta serikali ya namna hiyo, siioni.

Wanawake tumeamua tunakwenda ngazi ya juu, kwa miguu yetu na kwa majina yetu. Mzee Athumani atatusindikiza. Mama Tluway ndiye atakayetangulia, amesema yeye ameshalala ndani, hakuna kipya cha kumtisha.

Na sisi hapa nyumbani tunabanana hivyo hivyo. Baba Daniel hajarudi ukutani tangu siku ya mkutano, amepata vibarua vya kupiga lipu Maisaka, siyo kila siku. Jana tulikuwa tunakula ugali na maharage, msimamizi wa kule ukutani akapiga hodi. Akakaribishwa chai, akakaa, akasema kwa upole kwamba mambo yameisha, kibali kipo, bosi hana kinyongo, Jumatatu fundi arudi kazini na atapewa usimamizi wa mafundi wenzake. Nilinyamaza, Baba. Kwa mara moja katika habari hii yote nilinyamaza kwa hiari yangu. Kama angesema ndiyo nisingemlaumu, najua hali yetu ya jikoni.

Baba Daniel alimaliza kutafuna, akanawa. Akamwambia, "Mwambie bosi nashukuru. Mwambie siku atakayotaka kuubomoa aniite, nitakuja bure."

Yule bwana aliondoka hajagusa chai. Daniel akamuuliza baba yake kama ni kweli atabomoa bure. "Kweli kabisa," akamjibu, akaomba aongezewe maharage.

Msalimie sana Mama, mwambie ule unga wa lishe Neema ameupenda. Msalimie kaka yangu mkubwa na shemeji, na mtoto wao mchanga ambaye sijamwona bado. Msalimie Shangazi wa kanisani anayefundisha kwaya, na Mjomba fundi cherehani, mwambie ile sketi haijapasuka mpaka leo. Majirani wote wa mteremko wetu nawasalimu.

Nikitoka huko ngazi ya juu nitakupigia, na nitazungumza kwa sauti kubwa.

Ni mimi binti yako mwenye hasira na mwenye kukupenda,

Ruth, Mama Daniel